Siku Tulipolitazama Ini la Baba Mukubwa

Siku niliyoona seli za ini la baba mukubwa niliruka mpaka kiti changu kikaanguka. Nasema ukweli. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara mjini Butembo, msichana wa kelele nyingi, na watu hudhani kwamba mbele ya kansa mtu analia tu. Mimi nilipiga kigelegele! Daktari aliyekuwa ananifundisha alinitazama kama mtu aliyepandwa na wazimu, maana yeye hakujua bado nyumbani kwetu kulikuwa kunapikwa nini. Kilichokuwa kwenye kile kioo cha mikroskopi kingeweza kumwokoa mama yangu.

Niwaeleze basi. Ilikuwa miaka ya vita, waasi ndio serikali, na mwezi mwingine waasi wenyewe wanabadilika, unaamka unakuta bendera nyingine. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Kaka yake, baba mukubwa, aliishi Beni katika komini, yaani mtaa, wa Ruwenzori, akiuza viazi na maharagwe kutoka Kipese, milimani, ambako ukoo wetu ulitoka. Alipomwozesha binti yake, mama alipewa heshima ya kumpelekea kikombe cha kwanza cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Sasa, kwetu anayekupa pombe huionja kwanza mbele ya macho yako. Ni kusema: kunywa, hakuna kitu humu. Lakini ukoo wa baba ni Wakatoliki, na mama ni Mprotestanti tangu tumboni mwa mama yake, pombe haigusi ulimi wake hata tone. Akampa shemeji yake kikombe kwa mikono miwili, bila kuonja. Baba mukubwa alicheka sana siku ile. "Muke wa ndugu yangu ataenda mbinguni," akasema, "mimi nibakie na kasiksi yangu!" Wote tukacheka naye.

Msimu wa maharagwe uliofuata, akaanza kukonda. Macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba, na chini ya mbavu za kuume pakawa pagumu. Ndipo shangazi, dada yao mkubwa, mwanamke mwenye sauti ya kutosha kwaya nzima, akakumbuka kile kikombe. "Hakuonjaka!" akasema. "Tulimuona bote, hakuonjaka!" Basi, ikawa sumu. Familia ikapanga kukutana Beni, mama aje kujibu. Akishindwa, arudi kwa ndugu zake, na sisi watoto tubaki upande wa baba. Na miaka ile, kuitwa mtu wa sumu haikuwa maneno matupu. Watu walichukuliwa mlangoni kwao kwa kosa dogo kuliko hilo, na hakuna aliyeuliza walipelekwa wapi.

Nilikasirika mpaka nikaiacha bukari, ugali wetu, ipoe sahanini. Mama yangu huyu, ambaye hata kuku humwomba jirani amchinjie! Nilimwendea daktari, nikamsumbua, nikamsumbua tena, mpaka akasema: "Mulete tu, lakini unyamaze." Baba mukubwa akaja Butembo juu ya lori, amekaa katikati ya magunia kama bwana harusi, anatania kila mtu ingawa kila shimo la barabara lilimuumiza.

Daktari alimpima kwa ekografi, mashine ya kuonea ndani ya tumbo. Ini lilikuwa limejaa makovu, na katikati ya makovu kulikuwa na uvimbe mkubwa. Damu yake ikaonyesha virusi vya hepatiti B, homa ya ini. Kisha daktari akachukua sindano ndefu, akavuta kidogo kutoka kwenye uvimbe, akapaka kwenye kioo. Kukitia rangi ilikuwa kazi yangu. Niliinama kwenye mikroskopi, nikazungusha, nikazungusha, mara pakawa wazi. Ee Mungu wangu! Seli kubwa kubwa za zambarau, zimebanana, kila moja na kiini kilichovimba. Na pembezoni mwao, vidoti vidogo vya duara, vyeusi, vingi.

"Zile kubwa ndizo kansa," daktari akasema. "Hizi ndogo ni walinzi wa mwili. Kazi yao ni kuua seli mbaya."

"Mbona hawaui? Mbona wako pembeni?"

Hapo yeye mwenyewe akapata moto. Alipenda swali hilo, ilionekana. Akavuta kiti karibu. "Umeshaona mbwa wa butiki hapa mjini? Wateja wanaingia kutwa nzima, mwisho mbwa habweki tena, hata mwizi akipita. Ini liko hivyo. Kila kitu kinachotoka tumboni kinapita hapo, chakula, vidudu, uchafu. Likigombana na kila kitu halitapona. Donc, kwa hiyo, walinzi wake wamefundishwa kuvumilia. Kansa inajua hilo. Walinzi wanafika, wanachoka, na kati yao kuna wengine ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Kansa inawaita hao kwa wingi."

Nilisisimka mwili mzima. Vita vizima kwenye tone moja la rangi, na mimi naviona kwa jicho langu! Leo, ninapoandika haya, kuna dawa zinazowaamsha walinzi hao warudi kazini, na zinasaidia baadhi ya wagonjwa. Wakati ule, kwetu, hakuna aliyekuwa amezisikia.

"Na makovu?" nikauliza.

"Ni ya walinzi hao hao. Virusi viliingia zamani, pengine akiwa mtoto. Wakapigana navyo polepole, maisha yake yote, na mapigano yakaacha makovu. Kansa imeota humo."

"Makovu hayo yanaweza kuja kwa mwaka mmoja?"

"Kwa mwaka mmoja? Hata! Hayo ni ya miaka na miaka."

Ndipo kiti kikaanguka, ndipo kigelegele. Nikamweleza daktari habari ya kikombe, akashika kichwa. Kisha nikakumbuka kwamba baba mukubwa hataweza kupona. Niliinua kiti, nikakaa nikiwa na vyote viwili, furaha na huzuni.

Baba mukubwa alitangulia kurudi Beni. Daktari hakuweza kuja kwenye mkutano, hospitali ilikuwa imejaa majeruhi. Akanipa kile kioo chenye seli, akaniazima na mikroskopi ya zamani, ile inayotumia mwanga wa jua, isiyohitaji umeme. Niliipakata njia nzima kama mtoto mchanga, mama pembeni yangu. Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, askari mmoja akataka kujua kwa Kilingala kuna nini ndani: "Eloko nini eza na kati?" Nikamwambia kwa Kiswahili ni chombo cha kuonea vitu vidogo. Hakuamini. Nikakiweka juani, akaangalia, akaita wenzake. "Kitoko!" wakasema, kizuri, wakatuacha tupite. Mama alinibana mkono mpaka ukaniuma.

Asubuhi ya mkutano jua lilikuwa kali, la kunifaa. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa Mavivi, tukangoja kelele ipite. Nikasema yote, makovu ya miaka mingi, virusi, kansa, na nikawaita waje waangalie. Shangazi akawa wa kwanza, bila shaka.

"Naona majani," akasema.

"Hizo ni kope zako, shangazi. Fungua jicho vizuri."

Watu wakaangua kicheko. Akafungua jicho. Akainama tena, safari hii bila haraka. "Hii ndo ini ya ndugu yangu?" akauliza, sauti imeshuka. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Na kile kidudu kiliingia wapi, kama si mu kikombe?"

Hapo baba mukubwa akajisogeza mbele. Alifungua shati lake. Juu ya mbavu, chini ya manjano ya ngozi, kulikuwa na mistari midogo ya chale, safu kwa safu. "Kule Kipese," akasema, "tulikuwa tunaumwa tumbo, mama yetu akatuchanja na kututia dawa. Dada, unakumbuka? Nyembe ilikuwa ngapi?"

Shangazi akagusa mbavu zake mwenyewe, juu ya kitenge. "Moja," akasema. "Batoto bote, nyembe moja."

Virusi vile hupita kwa damu, lakini sikuweza kuapa kwamba ni wembe ule uliovileta. Nikawaambia hivyo, kwamba huenda ni wembe, huenda ni njia nyingine ya utotoni. Lakini makovu ya ini yalikuwa ya zamani, hayo nilikuwa tayari kuapa.

Baba mukubwa akataka kuangalia naye. Tulimshika mabega, mimi na mama. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Bile bidogo ya pembeni, ndo balinzi bangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na banasimama tu?"

"Banasimama tu."

"Sawa na askari ba hapa Beni!" Akacheka mpaka akakohoa, na sisi tukacheka huku tukichungulia uzio, tusije tukasikika. Kisha akakaa wima, uso wake umefunguka kama mtu aliyeambiwa amepona.

"Donc nakufa na ugonjwa," akasema. "Hapana na mutu. Munasikia? Miezi hii yote nilikuwa naangalia kila mumoja wenu, najiuliza ni nani. Aksanti Mungu, si mutu!"

Mama alikuwa hajalia hata mara moja tangu ugonjwa ule uanze, kwa sababu mshtakiwa akilia husemwa anajifanya. Pale pale akapiga magoti kwenye vumbi, akalia kwa sauti kubwa, akimwita shemeji yake, na hakuna aliyemzuia. Shangazi aliteremka kwenye kiti chake, akaketi chini karibu naye.

"Lia, muke wa ndugu yangu," baba mukubwa akasema. "Lia vizuri, ningali nakusikia."