Chungu Kilichogeuka Buluu

Sihaba binti Semeni alikuwa mfinyanzi wa Mohoro, na tangu utoto aliamini alilofundishwa na mama yake: udongo ukishaonja moto haurudi tena kuwa udongo. Biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa na ndoo za plastiki zikafurika gulioni, wenzake waliacha ufinyanzi. Yeye akabaki nao, huku akilima mpunga.

Mwaka uliofuata mvua za elinino, alikuwa akichimba mtaro shambani na mumewe, Mwinjuma. Jembe likagusa kitu. Akapiga magoti kwenye tope jeusi, akaopoa chungu kizima cha kale, chenye nakshi asizozijua. Ndani mlikuwa na mifupa ya samaki na utando mweupe kama chokaa.

Akakigonga kwa kidole, kama alivyozoea kupima vyungu vyake. Hakikulia. Akakibonyeza, ukucha ukazama kama kwenye sabuni iliyolowa.

Masizi yalikuwa bado kitakoni. Chungu kilikuwa kimechomwa, na sasa kilikuwa kinarudi tope. Sihaba akakitua kwenye tuta.

Walipomaliza kula viporo vyao, ule utando mweupe ulikuwa umeanza kuwa buluu. Akafikicha macho. Buluu ikazidi kukolea, mbele yake, bila mkono wa mtu.

"Baba Yasmin! Njoo uone!"

Mwinjuma alitazama, akarudi nyuma. "Audhubillahi! Kifunike, mke wangu. Hicho kina mwenyewe."

Sihaba akakitupia kanga iliyolowa, wakaondoka mbio. Nyumbani Sihaba alimfikiria mama yake. Alizikwa wakati wa mafuriko ya mwaka uliopita, na mwanandani wa kaburi lake ulikuwa ukichuruzika maji. Ikiwa maji yamekishinda kitu kilichopita motoni, mama yake yu hali gani?

Habari zilimfikia Amri, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Dar, aliyekuwa amefikia Kibiti. Alikuja shambani, akakiinua chungu taratibu, akakilaza kwenye beseni la maji.

"Usiogope, mama. Kanga yako ndiyo iliyokiokoa. Kingekauka ghafla kingepasuka."

"Na ile rangi?"

"Chini ya tope hakuna hewa. Maji yamepenya humu karne kwa karne, yakaiyeyusha chokaa iliyokuwa imekishikilia. Chuma kilichomo kwenye udongo kikakutana na fosfeti ya mifupa ya samaki, ukatokea unga mweupe. Ukipata hewa, unageuka buluu."

"Kwa hiyo moto haukukifaa kitu?"

"Ulikifaa. Lakini moto ule ulikuwa mdogo, na maji yana subira."

Sihaba akakitazama chungu ndani ya beseni. "Na mtu je, mwanangu?"

Amri aliinamisha kichwa. "Inategemea ardhi, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Jibu lile lilimtisha kuliko jini. Jini husomewa akatoka; maji ya Mohoro atayasomea nini?

Kesho yake alikwenda makaburini na Mwinjuma. Kaburi la mama yake lilikuwa limetitia. Hakuthubutu kutia jembe. Alibeba udongo mkavu kwa ungo, akaumwaga na kuushindilia kwa viganja, na kila alipobonyeza aliuhisi ubaridi ukipanda kutoka chini. Mwinjuma akasoma Yasini. Sihaba alijaribu kumfuatisha, akaishia njiani.

Msimu ule walipanda mpunga kama kawaida. Mtaro ulibaki nusu. Sihaba alikataa kuuchimba, asijue jembe lingegusa nini tena, na Mwinjuma hakumlazimisha.