Kufundisha Kompyuta kwa Mdomo na Vidole

Dada yangu alikuwa mwalimu wa sekondari huko Isongole, na shule yao ilikuwa imepewa kompyuta ambazo hakuna aliyejua azifanyie nini. Mkuu wa shule alimpa hadi wiki ya kwanza ya muhula: klabu ya kompyuta ianze, la sivyo chumba kile kijazwe mahindi ya chakula cha wanafunzi. Dada akanigeukia mimi, niliyejifunza kuandika programu chuoni huku nikiota kuandika riwaya. Kazi yangu ilikuwa kurekodi skrini nikiandika na kueleza, kisha kumtumia video kwenye flashi.

Niliziba dirisha la chumba changu, Tunduma, kwa godoro ili honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka zisiingie, nikaanza. Mdomo na vidole vikagoma kwenda pamoja. Nikiongea, vidole viliganda juu ya kibodi. Nikiandika, sentensi ilinikatikia njiani. Mbaya zaidi, vidole vilianza kufuata mdomo: nilitamka "hapa tunafungua mabano", na pale ilipotakiwa alama pakatokea neno zima, mabano. Programu ikakataa.

Mama alikuwa barazani akichambua maharage.

"Unafungua mabano tangu asubuhi," alisema. "Hayajafunguka tu?"

"Bado, mama."

"Basi njoo ule. Labda yana njaa."

Jumapili ya mwisho ya likizo nilikwenda kanisani sina video hata moja. Mhubiri alikuwa mchungaji mgeni, na mama ndiye aliyemtafsiria kwa Kinamwanga, kama alivyozoea kufanya kwa ajili ya wazee. Mgeni akapandwa na moto, akamwaga sentensi juu ya sentensi bila kituo. Mama akamvuta mkono wa koti.

"Baba mchungaji, pole pole," akasema. "Huku wengine hawajapakuliwa."

Kanisa likacheka, na mchungaji naye akacheka. Tangu hapo alisema kidogo, akanyamaza. Mama akasema, akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mtamu. Wazee waliutumia kutikisa vichwa na kumeza walichosikia.

Sikungoja hata mnada wa matoleo. Nilirudi nyumbani, nikaandika mstari mmoja kimya, nikaondoa mikono kwenye kibodi, ndipo nikaueleza. Kisha mstari mwingine. Jumatatu asubuhi flashi iliondoka na dereva wa Noah ya abiria ya Isongole.

Dada alipiga simu Ijumaa.

"Mdogo wangu, mbona video yako ina ukimya mwingi hivi?"

Nikanywea. "Imeharibika?"

"Acha nimalize. Ukinyamaza, wanafunzi nao wanaandika. Ukiongea, wanakusikiliza. Mkuu mwenyewe amekaa nyuma, ameandika jina lake likajaa skrini nzima, anacheka peke yake."

"Kwa hiyo chumba?"

"Chumba chetu. Ila wamemaliza somo, wananiuliza la pili liko wapi."

Sikuwa nalo. Nilimwambia liko njiani, nikaenda kuwasha kompyuta.