Alamu Niliyoizima Mwenyewe

Cheti changu cha uinjinia wa meli kilikuwa kinakaribia kuisha muda, na nisipokihuisha sina kazi. Ndiyo hali halisi. Nimekaa kwenye vyumba vya injini za meli za pwani siku nyingi kuliko nilizokaa na mke wangu nyumbani Kerege, na bado nilitakiwa niende Dar, niingie chumba chenye kiyoyozi, nikae mbele ya skrini, nithibitishe kwamba naijua injini. Simuleta, ndivyo wanavyouita huo mtambo. Injini ya kuigiza: haina joto, haitikisiki, hainuki dizeli. Hata kucha haikuchafui. Nilichoka kabla sijaanza.

Asubuhi ya mtihani tulipangwa wawili wawili. Mimi nikawa injinia mkuu, na chini yangu nikapewa mama mmoja kijana, injinia wa tatu, mtoto wa wakulima wa Miono. Yeye alishafaulu wiki iliyotangulia, aliletwa kukamilisha jozi tu. Akapiga goti kidogo na ovaroli lake. "Shikamoo baba." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Leo kazi yako moja, kunifuata mimi." Akacheka. Mkufunzi, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, akatueleza kwamba meli inatoka bandarini na sisi tuitunze injini mpaka tufike bahari kuu. Kisha akaingia chumba cha pili, nyuma ya kioo.

Sasa hapa lazima niseme jambo la aibu kuhusu meli yangu. Ina alamu ya maji yanayojaa chini ya sakafu, na hiyo alamu imeharibika tangu zamani. Maji yakiwepo inalia, yasipokuwepo inalia. Tuliomba kifaa kipya tukaambiwa kinakuja, tukaomba tena tukaambiwa kinakuja, basi tukanyamaza. Ukiwa zamu, kila baada ya dakika chache unanyoosha mkono, unabonyeza kitufe cha kuinyamazisha, unaendelea na hadithi yako. Mgeni akishuka kule chini hushtuka, nasi tunamcheka. "Huyo mlevi wetu, mwache aimbe." Mkono wangu ulishaizoea kazi hiyo, ulikuwa hauniulizi tena.

Basi simuleta ilipolia, nikabonyeza. Ikalia tena, nikabonyeza. Macho yangu yalikuwa kwenye joto la maji ya kupozea injini, lilikuwa linapanda, na nilijiona hodari kwa kuliwahi. Nikawa nahangaika na valvu pale kwenye skrini, mara injini ikazima. Taa nyekundu kila mahali, na maandishi kwamba beringi zimeungua. Meli imekwama katikati ya mlango wa bandari! Ala! Nikapandwa na hasira, nikasema kwa sauti ili kijana wa nyuma ya kioo anisikie: "Takataka gani hii? Haikunipa onyo lolote!"

Hakubishana nami. Alikuja akatukalisha, akafungua rekodi, maana simuleta inahifadhi kila kitu, vitufe, picha na sauti. Alamu ya kwanza ilikuwa ya presha ya oili, ile inayolainisha beringi, inashuka. Mkono wangu huo, ukabonyeza. Kisha sauti ya yule mama, taratibu, kwa adabu zake: "Baba, presha ya oili." Mimi nikajibu, "Subiri kwanza." Alamu ya pili, mkono wangu tena. "Samahani baba, oili inazidi kushuka." "Nimesema subiri, mwanangu." Mara ya tatu hakuniita baba, aliniita chifu, kama injinia mkuu anavyoitwa melini, na sauti ilikuwa imepanda. Nikajisikia nikimwambia, "Hebu nyamaza, nafanya kazi!"

Sikukumbuka hata moja kati ya hizo. Wallahi, kama si ile rekodi ningekula yamini kwamba yule binti hakufungua mdomo. Sikio la kufa halisikii dawa, na miaka yote hayo maneno nilikuwa nawaambia wenzangu. Nilikaa pale kwenye kiti, natamani kwenda kulala.

Mkufunzi akanionea huruma, na huruma ya kijana inauma kuliko tusi. Akiandika nimefeli, nianze kozi upya. Kozi haijaisha, cheti kitakuwa kimekufa na meli imepewa injinia mkuu mwingine. Alilijua hilo. Akasema huku anaangalia karatasi, "Mzee, mtambo wenyewe nao huwa una vituko vyake. Tunaweza kuandika mtambo ulikuwa na hitilafu, nawe ukarudia keshokutwa. Au siyo, dada?"

Yule mama aliangalia mikono yake. "Ndiyo. Huenda ulikuwa na hitilafu."

Nilitaka kukubali. Sitajifanya walii hapa, neno lilishafika kooni. Lakini nikamgeukia kwanza. "Mwanangu, niambie kweli. Hii ingekuwa meli yenyewe, tuko kule chini mimi na wewe, umeniambia mara tatu. Mara ya nne ungeniambiaje?"

"Nisingekwambia, baba. Ningevaa jaketi la kujiokolea, nikakaa karibu na ngazi."

Hakulisema kwa jeuri. Alijibu kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda Msata. Nami nikawakumbuka vijana wangu kule melini, jinsi kila zamu wanavyogombania kukaa pale chini ya ngazi. Siku zote nilidhani wanafuata upepo.

Nikamwambia mkufunzi aandike alichokisikia kwenye ile rekodi.