Gauni Langu Halijararuka

Mnaoniona nimesimama hapa mbele ya kanisa bila kushikilia kiti, mimi ni Ndinda, binti ya huyu mama anayeuza mboga hapa Tawa. Kabla moyo haujaniletea kiburi, nilikuwa mtoto wa mbio. Nilichota maji mtoni nikarudi na mtungi kichwani wakati dada zangu bado wanachimba mchanga kutafuta maji.

Nikiwa darasa la sita koo liliniuma. Mama alinipa chai ya ndimu, likapoa, tukasahau. Halafu magoti yakavimba yakawa moto. Uvimbe ulihama: leo goti, kesho kiwiko. Mwalimu alisema ninakua. Kukua gani huko kwa kulia?

Mwaka uliofuata nilihema hata nikifunga kamba za viatu. Miguu ilijaa maji. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nililala nimekaa, mgongo ukutani, kwa sababu nikijinyoosha pumzi inakatika. Nilikohoa makohozi yenye damu.

Hospitalini daktari alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu.

"Mama, ule ugonjwa wa koo umekula vali, ule mlango wa damu ndani ya moyo. Dawa zitamshikilia tu. Anahitaji upasuaji, tena haraka."

"Daktari, mimi nauza sukuma," Mama akasema, akainamisha kichwa.

Kuona kichwa cha Mama kimeinama kulinikasirisha kuliko ugonjwa. Nilichukua kalamu nikamwandikia mheshimiwa wetu, mbunge: "Ulipotaka kura ulifika mpaka kwetu. Sasa mimi nataka kuishi. Njia unaijua." Mwalimu aliniomba niongeze maneno ya unyenyekevu. Nikakataa.

Na akaja! Sasa, ninyi mnajua Ukambani mgeni hapokelewi ovyo. Mama aliazima vitambaa vya viti kwa jirani, akachinja jogoo, akanipaka mafuta nikang'aa, akanivalisha gauni langu la kanisa. Kijana wake wa kamera aliingia kwanza, akatutazama, akakunja uso.

"Mama, huyu hakai mgonjwa. Hana nguo imeraruka? Na hiyo kuku itolewe hapa, watu watasema mnajiweza."

Mama, maskini, akaanza kutafuta nguo yangu ya shamba.

"Mama, wacha. Ugonjwa hauko kwa nguo."

"Ndinda, nyamaza! Wataenda na msaada wao."

"Waende nao."

Nilijua ninachokikataa huenda ni maisha yangu. Lakini nilikuwa nimeomba matibabu, sikuwa nimeomba kuvuliwa heshima mbele ya nchi nzima. Mheshimiwa alikuwa amefika mlangoni, amesikia yote.

"Mheshimiwa, weka mkono hapa," nikamwambia, nikajigusa kifuani.

Aliuweka. Moyo ulikuwa ukinguruma chini ya mbavu kama paka. Uso wake ulibadilika.

"Zima hiyo kamera," akasema. Kisha akaketi kwenye vitambaa vya kuazima akala kuku wa Mama.

Sisemi ni malaika, barabara yetu mnaiona. Lakini upasuaji aliulipia. Niliamka na mpira kooni na kifua kinachouma kama kuni iliyopasuliwa. Kukohoa nilikohoa nimekumbatia mto wa kitanda, mshono usiachie. Kila mwezi nadungwa sindano ya matako ili ule ugonjwa wa koo usirudi, na inauma, na naenda. Kovu langu linaanzia hapa shingoni na silifichi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama, na akina mama wa kanisa hili waliomuuzia mboga zake nikiwa wodini.

Wazazi, koo la mtoto likiuma mpelekeni hospitali, ndimu ni ya chai. Na ninyi watoto, andikeni. Mheshimiwa tulimwandika kazi sisi, si dhambi kumtuma. Ila siku akija, ogeni, jipakeni mafuta, vaeni nguo zenu nzuri.

Lile gauni bado ninalo. Limekuwa fupi, halinitoshi tena, kwa sababu niliishi nikakua. Lakini halijararuka.