Picha Isiondoke Peke Yake

Mwanangu wa kwanza alizaliwa wakati wa kiangazi, nikiwa naishi kwa wakwe zangu Nyamahanga. Baba yake alikuwa mgodini upande wa Geita, na likizo yake ilikuwa bado mbali. Alitupigia simu kila jioni. Pale nyumbani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilitoka na simu hadi kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi, nikasimama juu yake na kupaza sauti kama mtu anayefukuza nyani shambani. Mama mkwe alilalamika kwamba mzazi hasimami kwenye upepo. Alilalamika huku akinifunga kitenge kichwani, kisha akaniacha niende.

Nilimweleza mume wangu kwamba mtoto ana nywele nyingi, kwamba vidole vyake ni virefu kama vya kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nataka picha. Siyo za simu yako hiyo iliyopasuka. Picha za kweli, za kuning'iniza ukutani."

Mwenzake wa kazini alikuwa amemwonyesha picha ya kichanga chake kimelala ndani ya kapu, kimejikunja kana kwamba bado kimo tumboni, kimevaa kofia yenye masikio. Alimwambia watoto hulala hivyo majuma ya mwanzo tu. Wakishaizoea dunia wananyooka. Basi mume wangu hakupata usingizi. Alitafuta mpiga picha wa mjini Biharamulo, wakapatana kwa simu, na kabla hata hajaniambia siku, kofia ya sufu yenye masikio ilikuwa imekwisha kufika kwa basi.

Mama mkwe aliishika ile kofia, akaigeuza, akachungulia ndani yake.

"Ya nini?"

"Ya kupigia picha, mama. Mtoto atapigwa picha."

"Hapana," alisema, akanirudishia, akaenda kuangalia ndama wake.

Mama mkwe wangu sasa ni marehemu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Yeye na mume wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao wakati mume wangu hajazaliwa, wakakaa kwanza Kaniha, ndipo wakahamia Nyamahanga. Hapana yake haikuwa na mlango wa nyuma. Nilidhani ni kwa sababu kitovu kilikuwa bado hakijadondoka, maana kabla ya hapo mtoto hakutolewa nje. Nikangoja. Kitovu kikadondoka, akakizika mwenyewe kwa desturi yao, na nilipomuuliza tena habari ya picha akaniambia tena hapana.

Siku hizo ndipo mama yangu alipofika kutoka Ngara kuja kuona mjukuu. Alishuka na mkungu wa ndizi, unga wa ulezi wa uji wangu, na ingobyi, ile ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto ambayo alinibebea mimi. Iliparwa na kulainishwa kwa samli miaka mingi iliyopita na bado ilinukia. Mama yangu ni Mhangaza. Mama mkwe alikuwa Msukuma. Kila mmoja alisema na mtoto kwa lugha yake, na wao kwa wao walizungumza Kiswahili walichokitoa sokoni na kanisani, polepole, kwa heshima kubwa, kama watu wawili wanaobeba mtungi mmoja.

Nilimnong'oneza mama kuhusu ile hapana. Nikasema labda anaogopa jicho la watu.

"Usimkisie," mama aliniambia. "Mtu mzima hakatai bure. Andaa mtoto wako. Atasema."

Siku ya mpiga picha tuliamka na kufagia uwanja wote, ingawa hakuna aliyejua kama uwanja utaonekana. Nilifua kile kitambaa cheupe cha kumfunikia, nikakianika juu ya wigo na kukaa nacho nikifukuza kuku. Nilikata kucha za mtoto kwa meno, kwa sababu wembe niliuogopa. Mama yangu aliikung'uta ingobyi na kuipaka samli kidogo. Nilikuwa na furaha na woga pamoja, maana mama mkwe hakuwa ameridhia, na mgeni alikuwa njiani.

Nikashangaa kumwona mama mkwe akiingia na beseni la maji ya vuguvugu. Alikaa kwenye kigoda, akamlaza mtoto juu ya miguu yake miwili iliyonyooshwa, akaanza kumwosha. Hakuna aliyemwosha mtoto yule kama yeye. Kiganja chake kimoja kilienea mgongo mzima.

"Tulipokuwa Kaniha," alisema bila kututazama, "alipita mtu wa picha. Na baiskeli. Nilikuwa na binti, wa kwanza wangu. Nilimvalisha, nilimpaka mafuta. Tukapigwa. Mtu akasema atarudi na picha mnada ujao."

Alimgeuza mtoto, akamwosha shingoni.

"Hakurudi. Mtoto akaugua, akafa. Mimi kila mnada nilienda, nikasimama barabarani. Hata baada ya kuhama huku, nilikuwa narudi Kaniha kuuliza. Sura yake nilianza kuisahau. Najua ipo mahali, kwenye sanduku la mtu, na yeye hajui ni nani."

Mama yangu alikuwa ameacha kuikung'uta ngozi. Akaja akapiga magoti kando ya beseni, akachukua kitambaa kikavu, akakishika tayari. Hakusema pole. Alisema neno moja kwa Kihangaza, na mama mkwe akaitikia kwa Kisukuma, na sijui kama walielewana kwa maneno. Mimi nilisimama pale na kile kitambaa changu cheupe, nikaona haya kwa kofia ile yenye masikio.

"Nitampigia simu nimwambie asije," nilisema.

"Aje," alijibu mama mkwe. "Nimekwisha kumwosha."

Mpiga picha alifika na pikipiki, kijana mpole, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kalibu. Nawa kwanza."

Akanawa mikono, akaambiwa anawe tena hadi viwiko. Kisha akafungua mzigo wake: kamera, kitambaa cha manyoya, maua ya plastiki, na kapu. Nilipotaka kumlaza mtoto ndani ya kapu, mama mkwe alinyoosha mkono akatuzuia.

"Huyu siyo mayai."

Mpiga picha alicheka, mama yangu akacheka, na hata mimi, ambaye mishono ya uzazi ilikuwa inanivuta, nilicheka nikishika tumbo. Basi kapu likawekwa kando. Tulitandika mkeka karibu na mlango, mahali mwanga ulipoingia bila jua, na juu yake ingobyi ya mama yangu. Nilimnyonyesha mtoto mpaka akaachia ziwa mwenyewe. Tukamlaza ubavu. Kofia ikawa kubwa, ikamfunika hadi puani, akapiga chafya, tukaivua. Akalala vile vile, kichwa wazi na nywele zake nyingi, ngumi moja chini ya shavu, amejikunja kama baba yake alivyotaka. Mama mkwe alikuwa amemfunga uzi wa shanga kiunoni, na mpiga picha aliuliza kwa adabu kama tungeutoa. Shanga zikabaki.

Alipiga akiwa amechuchumaa, akiwa amelala kifudifudi, akiwa juu ya kigoda. Sote tulizuia pumzi. Kisha nilimwomba mama mkwe akae amshike mtoto. Nilitegemea hapana. Alikaa, akavuta kitenge chake vizuri begani, akamchukua. Hakutabasamu. Aliitazama kamera kama mtu anayemtazama mdeni wake.

Mpiga picha alipoanza kufunga mizigo, alituonyesha picha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, akasema atazisafisha na kuzileta siku akipita tena njia ile.

Mama mkwe aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani na raba, mkoba kwapani.

"Tunakwenda," alimwambia.

"Wapi, mama?"

"Huko zinakotoka. Picha isiondoke peke yake."

Kijana alinitazama mimi, nikamtazama mama yangu. Mama yangu akasema, "Mpakie mkwe wangu vizuri. Na usikimbize." Mama mkwe hakuwa amepanda pikipiki maisha yake yote. Alikaa upande, akakataa, akakaa kama mwanamume, akamkumbatia kijana wa watu kiunoni kwa mikono yote miwili, kapu la maua ya plastiki likiwa katikati yao. Tulisimama barabarani hadi vumbi lao lilipotua.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mama alinipikia uji, sikuunywa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia mlio wa pikipiki. Alishuka akichechemea, nywele nyekundu, uso mwekundu, mkoba ameubana kifuani. Hakumpa mtu yeyote ule mkoba. Alinawa, akakaa mkekani, akatoa bahasha, akazitandaza picha moja moja juu ya ngozi.

"Nilikaa mbele ya mashine," alisema. "Wakaniambia nenda kanywe chai, nikakataa. Zilitoka za moto, kama chapati."

Mama yangu alikaa karibu naye, mabega yakagusana. Walizitazama mpaka mwanga ukaisha. Walionyeshana pua, wakabishana paji la uso ni la upande gani, na mtoto mwenyewe akilia ndani hakuna aliyemsikia ila mimi.

Siku hizi naishi Biharamulo mjini. Mama yangu hawezi tena safari ya kutoka Ngara, magoti yamemkatalia. Simu yangu imejaa picha za mtoto wangu wa pili, na nyingi sikumbuki hata zilipigwa lini. Lakini harufu ya samli asubuhi ile, na maji yakichuruzika kutoka kiganja kile kikubwa, ninavyo.

Mume wangu alipokuja likizo, alikuta picha ya mama yake na mwanawe imeshaning'inizwa sebuleni, juu kidogo ya pale mtu anapoweza kufika. Hakuuliza habari za kapu wala kofia. Mama yake alisimama kando yake akamweleza kila kitu: mlango, mwanga, ile ngumi chini ya shavu, mashine ya mjini ilivyolia. Alizungumza siku ile kuliko nilivyowahi kumsikia. Mume wangu aliitikia, "Naam, mama. Naam," bado amebeba begi lake la safari begani, na mimi nilisimama mlangoni na mtoto mikononi, nikingoja zamu yetu.