Mikono Nyuma, Mpira Mbele

Raga niliijua kabla ya mchezo huu. Jumamosi, nikitoka zamu ya ulinzi Midrand, nilikuwa nashika kibendera pembeni mwa uwanja wa shule, na kanuni niliyofundishwa ilikuwa rahisi: tazama mikono ya mtoa pasi. Ikielekea nyuma, pasi ni halali, hata kama mbio zake zimeusukuma mpira mbele.

Futiboli ya Kimarekani haijali mikono. Inauliza mpira umeachiwa wapi na umegusa wapi. Ukianguka mbele ya pale ulipoachiwa, umekufa, na timu ileile inaanza upya. Ukianguka nyuma, uko hai, wa yeyote atakayeuokota. Mwamuzi mkuu, Mkenya, alinipa mechi moja ya majaribio kama msaidizi wake wa pembeni. Nikivurunda, basi.

Tulikuwa Kensington, dakika za mwisho, wenyeji wakiongoza kidogo. Mrushaji wao alikimbia kasi upande wangu, akiwa bado hajavuka mstari wa kuanzia, ambapo pasi ya mbele bado inaruhusiwa, akamtupia mwenzake mpira. Mikono yake niliiona ikienda nyuma. Mpira nao niliuona ukidondoka mbele kidogo ya pale alipouachia. Mchezaji mmoja wa wageni akauokota, akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, na wenzake wakamrukia wakijua wameshinda.

Mkono wangu ulikuwa umeinuka nusu, kuonyesha nyuma. Ukagoma hapo.

Mwamuzi mkuu akanijia. "Ndugu yangu, mbele au nyuma?"

"Mikono ilikwenda nyuma."

"Sijakuuliza mikono."

"Mpira ulikwenda mbele."

"Kwa hiyo?"

Ilikuwa kama kuulizwa iwapo mtu aliyelala ndani ya basi ametulia au anasafiri. Mwishowe nikasema mbele. Alama za wageni zikafutwa.

Kocha wao, Mkongo jirani yangu wa Bellevue, alinifuata taratibu. "Papa, uko na macho mbili, moja ya raga, moja ya huku. Leo umetumia gani?"

"Ya huku."

"Eish. Siku ya sisi kushinda ungetumia ile ingine."

Tukikusanya vibendera, mwamuzi mkuu aliniuliza kwa nini nilichelewa vile.

"Nilikuwa nasubiri mikono na mpira vikubaliane."

"Havitakubaliana," akasema. "Jumamosi uje mapema."

Naenda kila Jumamosi. Na bado, mtu akitoa pasi huku anakimbia, macho yangu huanzia mikononi, na mpira ukifika chini sina uhakika uliachiwa wapi.