Tulivyomchagulia Mkurugenzi wa Bustani Mahali pa Kukaa

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, baraza la mji wa Kitale liliajiri mkurugenzi wa bustani na michezo kabla halijajua litamweka wapi. Wengine walitaka akae orofani na wakubwa wenzake. Sisi wachuuzi tulitaka akae bustanini, kwenye stoo ya mafyekeo.

Mimi niliuza viatu vya mitumba kutoka Lwakhakha, mpakani, nikivitandika ndani ya fensi ya bustani. Askari wa baraza walitufukuza kila waliposhikwa na njaa. Nikapiga hesabu, nikairudia: mkubwa akikaa hapa, askari watamwogopa na mahali pangu patapona. Diwani alipokuja kuuliza maoni, nikamnasa.

"Mheshimiwa, mwenye ng'ombe analala mbali na zizi?"

"Lakini mama, hiyo stoo haina hata choo."

"Choo itachimbwa. Hapa iko benchi sita na miti kumi na moja, nimehesabu mara mbili. Akiwa huko juu, nani atajua zikibaki tano?"

"Wewe uko na mdomo, bana!"

Wiki hiyo stoo ikapakwa chokaa. Wakaongeza na chumba cha kulala, tukapiga makofi. Mkurugenzi akahamia na mkewe na majembe mawili. Majembe niliyaona kwa macho yangu. Nikadhani ni ya maua.

Kisha mjomba wangu akafariki huko Bungoma. Matanga na maneno ya shamba lake yakanishika mwezi mzima, mvua ya kupanda ikinyesha.

Niliporudi na gunia langu la viatu, nilifika langoni nikasimama. Bustani haikuwepo. Palikuwa na mahindi, yamefika kwenye goti, kutoka mlangoni pa ofisi hadi kwenye fensi. Nguzo za bembea zilisimama katikati ya mistari kama wageni waliokosea boma. Benchi zote sita zilikuwa kwenye veranda ya ofisi, zimebeba mbolea. Mdomo wangu, ule uliosifiwa na diwani, ulibaki wazi.

"Bwana mkurugenzi," nikasema nilipomkuta mlangoni, "hii ni nini?"

Alinitazama kwa mshangao mkubwa kuliko wangu. "Mama, si nyinyi ndio mlisema nikae hapa? Mtu akae kwa nyumba, mvua inyeshe, aangalie tu udongo?"

Hata kwetu hakuna ambaye angeangalia tu.

"Na mahali pangu?"

"Ni mistari tatu tu."

Nikahesabu. Mitatu. Nikarudia, mitatu.

"Basi ng'oa mmoja."

"Ng'oa wewe."

Nikainama, nikashika shina. Lilikuwa nene, la kijani kilichokolea. Mkono ukakataa. Nani amewahi kung'oa mahindi mazima na akalala? Mchuuzi mwenzangu, akinitazama kutoka ng'ambo ya barabara alikohamia, akaanza kucheka.

"Ati unafanya nini, dada?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nang'oa magugu.